Kompyuta Tulizoziita Hussein

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile Mzee Farah alipofunga chumba cha kompyuta cha madrasa yetu hapa Kiwanjani, akatia ufunguo mfukoni mwa koti, na hakuna aliyemlaumu. Hata mimi sikumlaumu. Mpaka leo nikifikiria, naona alifunga kwa uaminifu.

Nirudi nyuma kidogo, maana masomo yangu yaliishia darasa la nane na sina hakika napanga maneno vizuri. Hussein alikuwa kijana wa watu wa malori, wale ambao babu zao walikuwa askari wa mkoloni. Alileta kompyuta kuukuu kutoka Nairobi, akaweka ndani programu za kuziendesha, akatufundisha sisi wasichana tulioacha shule. Basi tukaziita kwa jina lake, mashine na kilichokuwa ndani. "Washa Hussein." "Hussein imelala, izime." Rafiki yangu Sadia aliwahi kusema mbele ya mama yake kwamba Hussein amemsumbua asubuhi yote, ikabidi tueleze sana.

Halafu Hussein akapata kazi Moyale, akaenda. Mzee Farah, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akatuita.

"Watoto wangu, mashine tulipewa sadaka. Lakini hii Hussein iko ndani ni mali ya Hussein, na hakutuachia kwa mdomo. Kutumia mali ya mtu bila ruhusa ni haramu."

"Si tumpigie simu?" Sadia akauliza.

"Nikimuomba kwa simu ataona haya kukataa. Hiyo si ruhusa, ni kumbana."

Akafunga chumba mbele yetu. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi kwenye duka la dawa za mifugo, mradi nimalize kujifunza kuandika barua na kupanga hesabu kwa kompyuta. Mwenye duka alisema atangoja, lakini si sana. Bila kazi hiyo ningerudi kuchunga mbuzi za shangazi yangu, na sikutaka.

Nilikuwa naishi na nyanya yangu, Akko Gumato. Akko ndiyo nyanya kwa Kiborana. Alinikuta nimekaa tu, yeye anafukiza kibuyu cha maziwa.

"Kwa nini umekaa kama mtu ameibiwa?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu Hussein ndiye alizaa hii kitu, ama alileta tu?"

"Sijui, Akko."

"Hujui, na unaita jina lake kila siku?"

Lazima nikueleze desturi ya nyumba yetu. Mtu akitupatia mtamba, ndama wake na wajukuu wake wote huitwa kwa jina la nyumba ya aliyetoa. Mchungaji anaweza kukaa nao miaka mingi, hawaitwi kwa jina lake.

"Ng'ombe ile Dida alitupatia ilikufa kabla uzaliwe," Akko akasema, "na bado unasema leo tunakunywa ya kwa Dida. Ukisema hivyo unakumbuka Dida alitoa na maneno gani. Alisema nyumba ikikosa maziwa, ndama wa hii ng'ombe aende huko. Sasa nyinyi mmeita ng'ombe kwa jina la mchungaji. Mchungaji ameenda Moyale, mmeacha kukamua."

Asubuhi alijifunga shuka, akaenda mwenyewe kwa Mzee Farah. Mimi na Sadia tulimfuata nyuma.

"Farah, piga simu."

"Akko, nitamtia kijana aibu."

"Usimuombe kitu. Muulize tu ilitoka kwa nani."

Hilo halikuwa na haramu ndani yake. Akapiga, sote tukisikia. Hussein alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilibeba tu, Mzee. Hata sura ya waliotengeneza sijui. Waliiachia watu: uitumie, uifungue uone inavyofanya kazi, uitengeneze, umpe mwenzako, na yeye awe na ruhusa hiyo hiyo. Jina la programu yenyewe linaandikwa kwenye kioo kila mkiwasha. Si niliwaambia?"

"Ulituambia ni ya bure," Sadia akasema.

Hussein akakubali. "Basi nilifupisha."

Mzee Farah alifungua mlango siku hiyo. Akatuambia tuwashe moja, tusome lile jina ambalo tulikuwa tukilipita kila asubuhi, tuliandike mlangoni, na chini yake zile ruhusa zote. Kazi ya duka la dawa nilikosa. Mwenye duka alikuwa amemchukua mtu mwingine, na kwa haki alikuwa amengoja vya kutosha. Lakini wasichana wa Kiturkana walipokuja kutoka Ngaremara kuuliza kama wanaweza kupata programu ile, hatukuwaambia wamngoje Hussein. Tuliwaonyesha mlango, tukawapa nakala. Mimi nikaenda kuwafundisha, na ndiyo kazi iliyonilea na kukulea. Mmoja wao, Akiru, alitoa maneno ya Kiingereza yaliyokuwa ndani, akaweka ya Kiturkana, akaturudishia nakala yake bila kuombwa. Yeye alisoma mlango vizuri kuliko sisi.

Wako watu wanaosema jina si kitu, programu hufanya kazi iitwe vyovyote. Pengine ni kweli, mimi si msomi. Wala sisemi Hussein asahauliwe, maana bila yeye tusingeona chochote. Nasema tu nilichoona: tulipoiita programu kwa jina lisilo lake, tulijifungia kitu ambacho hakuna aliyetukataza.

Jana ulinionyesha programu kwenye simu yako ukasema, "Ni ya bure tu, Mama." Nikakumbuka Hussein. Wasomi siku hizi wanasema programu huria, na mimi naona jina hilo linafaa, maana linataja ruhusa, si bei. Kwa hivyo, mwanangu, ukipokea kitu uliza kilitoka kwa nani na kilitolewa kwa maneno gani. Kiite kwa jina litakalokukumbusha maneno hayo, na ukimpa mwenzako, mpe na maneno pia.

Mungu akujalie nyumba isiyokosa maziwa, na siku jirani akikosa, Yeye akukumbushe ulikunywa maziwa ya nani.