Mtoto wa Manyoria

Waliokuwepo siku ile niwataje kwanza, maana nimebaki peke yangu wa kuwataja. Alikuwepo bibi yangu Nyangi, mama yake baba. Walikuwepo wanawe wawili, baba mkubwa Chacha na baba yangu Mwita. Alikuwepo mama yangu Ghati, ambaye Mwita alimwoa kutoka ng'ambo ya mto, kwa hiyo pale mlimani alihesabiwa mtu wa kuja. Alikuwepo mzee Matiko, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio bonde la pili. Walikuwepo mgambo wawili, Wambura na Magesa, vijana wa watu tuliowajua. Hata maksai wa mkokoteni nawakumbuka, Sirari na Kisumu, na mvivu alikuwa Kisumu. Na mimi Bhoke nilikuwepo, nimeshika kibuyu cha maji.

Haya yote yameamshwa na harufu. Juzi hapa Nyamisangura mjukuu wangu alikata limau akalikamulia kwenye sufuria ya maziwa, kwa mambo yake ya mapishi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua dagaa. Harufu iliponifikia, mikono ikasimama yenyewe. Limau na maziwa kwa pamoja ni harufu ya ua moja tu, nalo ni ua la manyoria.

Manyoria ulikuwa mti wa babu. Ujanani alitunza bustani ya mapadre, na alipoacha kazi akarudi nyumbani na mche ndani ya kopo. Mapadre waliuita magnolia. Vinywa vya mlimani kwetu vikaufanya manyoria, na hilo ndilo jina lililokaa. Aliupanda karibu na zizi, ukawa mkubwa, mweusi kwa wingi wa majani, na maua yake meupe ungeweza kunywea uji ndani yake. Babu alipofariki alizikwa chini yake. Mlima mzima hapakuwa na mwingine.

Ndipo ikaja Operesheni. Tukaambiwa watu wote wa mlimani tutashuka bondeni, karibu na barabara, tukakae pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, na shule itajengwa, na zahanati. Wakubwa walinung'unika, wakatukana kidogo, kisha wakaanza kukata miti ya kujengea. Bibi Nyangi hakukata hata kijiti.

"Ng'ombe mtawaswaga," alisema. "Paa mtalivua mtalibeba. Kaburi je, nani atalibeba?"

"Mama, serikali imesema," baba mkubwa Chacha akamjibu.

"Serikali sikuizaa mimi. Nimekuzaa wewe, na bado hunisikii."

Tulishasikia kwamba kwingine nyumba za waliogoma zilichomwa moto, kwa hiyo haikuwa mchezo. Wanawe walimsihi mpaka akachoka kusihiwa, na kwa kuchoka huko akatoa sharti. "Nionyesheni mtoto wa mti huu, aliyeshika mizizi yake mwenyewe, nami nitamfuata aendako. Mkishindwa, wakija na moto wanikute ndani." Alijua anachosema. Yeye na babu walijaribu miaka mingi kuuzalisha mti ule, hawakupata hata mche mmoja.

Chacha na baba walitikisa vichwa wakasema ni uzee. Mama yangu aliweka chini ungo wa ulezi, akaenda kuuzunguka ule mti akiutazama kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

Sasa, kwetu kupanda mti ni kuchomeka. Ua wa boma ni minyaa: unakata fimbo, unailaza kivulini siku kadhaa mpaka maziwa yake yakauke, ndipo unaichomeka, na mvua ikija inashika. Mama akakata fimbo za manyoria, akazilaza kivulini kwa upole kama anayelaza wachanga, kisha akazichomeka nyuma ya nyumba. Manyoria hauna maziwa ya kukausha. Fimbo zile zilikuwa zimekufa kabla ya kuingia ardhini, nasi tukawa tunamwagilia maiti.

Akageukia mbegu. Tunda la manyoria ni kama gunzi dogo lenye manyoya. Likikomaa linapasuka, na mbegu nyekundu zinaning'inia nje kwa nyuzi nyembamba kama za buibui. Mama aliwawahi ndege, akazichuma, akazipa heshima yote ambayo mbegu hupewa kwetu: akazianika juani, akazipaka majivu, akazifunga kitambaani akazitundika juu ya meko penye moshi, pale pale panapokaa mahindi ya mbegu. Mdudu hakuzigusa. Udongo nao haukuzitambua. Nimekuja kujua ukubwani kwamba mbegu ile haitaki kukauka. Unaosha ule wekundu wenye mafuta, unaipanda ikiwa mbichi. Mama aliziua kwa kuzitunza vizuri.

Baba mkubwa Chacha akachoka kungoja. Bibi wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho, anatuona kama tuko ndani ya ukungu. Basi Chacha na balozi Matiko wakanong'onezana, na asubuhi moja Matiko akaingia uani na kopo lenye mche wa majani mapana yanayong'aa.

"Shikamoo mama! Mti wako umezaa!"

"Marahaba. Mlete huyo mtoto."

Bibi akapakata lile kopo. Akapitisha kidole juu ya jani, akakipitisha chini yake. Akashuka kwenye kijiti, akakipapasa kukizunguka.

"Matiko."

"Naam, mama."

"Manyoria juu ni laini kama kibuyu kilichopakwa samli. Chini ana manyoya kama sikio la ndama, na zamani nilipokuwa naona, manyoya hayo yalikuwa na rangi ya kutu. Na kila jani linapotokea pana pete, imekizunguka kijiti chote. Huyu manyoya hana, pete hana. Huyu ni mparachichi, mura wangu. Kampande kwako, akizaa ule, labda akili itaongezeka."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Matiko naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Lakini mama, parachichi si linaliwa? Ua linashibisha nani?"

"Mume wangu hajalala chini ya parachichi," bibi akasema, akamrudishia kopo lake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye nilimwona ameshika jani la manyoria, amefumba macho, anapapasa juu, anapapasa chini, anatafuta pete.

Siku iliyofuata alikwenda kumvizia njiani bwana shamba, kijana aliyepita na baiskeli kukagua kahawa za watu. Yule kijana alisema mti huo haujui, lakini ndimu zikikataa kushika kwa kuchomeka, huzalishwa zikiwa bado kwenye mti wa mama. Akamweleza namna. Mama alirudi njia nzima akiyarudia maneno yale kwa sauti ili yasidondoke, maana hakujua kuandika.

Alichagua tawi lenye unene wa kidole gumba. Akalimenya ganda kulizunguka, akakwangua ule utelezi mpaka mti mweupe ukaonekana. Akapazungushia udongo wa kichuguu uliochanganywa na zile nyasi laini kama sufi zinazoota juu ya mawe ya mtoni, yote yakiwa na majimaji. Akafunika kwa nailoni ya mfuko wa mbolea, akakaza kwa kamba za mgomba juu na chini. Likawa kama kidole kilichofungwa kidonda. Alifunga na matawi mengine. Moja mbuzi walilirukia wakalila, jingine lilivunjwa na upepo. Likabaki hilo. Kazi yangu ilikuwa kulinywesha, kwa kumimina maji kidogo kidogo penye kamba ya juu.

Mvua za vuli zikapita. Majirani wakaanza kushuka mmoja mmoja, na usiku taa zilizokuwa zikionekana kwenye mteremko zikapungua. Robhi, mke wa Matiko, alipita na mzigo wake kichwani akasimama kumtania mama.

"Ghati, mti unaufunga bandeji? Umeumia wapi?"

"Nauguza. Wewe umewahi kuuguza mtu ukamwacha katikati?"

Mimi niliomba tufungue tuone. Mama akanipiga kofi jepesi mkononi. "Mimba haifunguliwi ikaangaliwa. Mwagia maji."

Bwana shamba alikuwa ametuagiza tungoje mpaka tuione mizizi yenyewe ikigusa nailoni kwa ndani. Masika yalianza na hatukuwa tumeona kitu. Na katikati ya kungoja huko, siku ile ikafika. Wambura na Magesa walipanda mlima asubuhi, Matiko akiwa mbele yao. Wambura akamwamkia bibi vizuri kabisa, kisha akasema, "Bibi, ni leo." Paa la nyumba ya Chacha lilikuwa limeshavuliwa, mkokoteni umeshapakiwa. Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake, amekumbatia miguu yake, hatikisiki.

"Nitambeba begani kama mzigo wa kuni," Chacha akasema, akikunja mikono ya shati.

"Shemeji, hutambeba."

Mama ndiye aliyesema hivyo. Baba aliinamisha macho, kwa kuwa kwetu mke hakumjibu kaka wa mumewe namna ile, tena mbele za watu. Mama hakungoja kukemewa. Alichukua panga, akaenda kwenye mti, akalikata lile tawi chini kidogo ya bandeji, akaja akapiga magoti mbele ya bibi. Akaniita na kibuyu changu. Alikata kamba, akabandua nailoni, nami nikamimina maji polepole. Udongo ukaporomoka. Nilimwona mama amebana midomo, nikajua naye hajui tutakachokuta.

Palikuwa na mizizi. Ilikuwa michache, mifupi, minene, myeupe kama machipukizi ya kiazi kilichosahauliwa ghalani.

Bibi alinyoosha mkono. Alipapasa jani juu, akalipapasa chini, akaitafuta pete akaipata. Kisha akashuka kwenye mizizi, na hapo vidole vyake vilikaa sana.

"Nani amefanya?"

"Mimi, mama," mama akasema.

"Na wanangu?"

Chacha akaanza kukunjua mikono ya shati. Magesa akasogea ili amwinue, bibi akamsukuma. "Sibebwi. Ghati, nipe mkono."

Alipanda mkokoteni kwa miguu yake, tawi limeshindiliwa udongo ndani ya kopo mapajani mwake. Hakugeuka nyuma.

Kule bondeni tawi lilipukutisha majani yote likabaki fimbo. Tulidhani limekufa. Lilikaa hivyo mpaka mvua nyingine, ndipo likatoa kichipukizi kimoja chenye ncha kama mkuki.

Utotoni nilidhani mama alimshinda bibi kwa mizizi ile. Leo nimeozesha wana, nina wakamwana, na nimefunga bandeji kwa mikono yangu matawi ya ule mti wa bondeni, mengi yamekufa. Najua sasa kwamba tawi lenye mizizi michache vile huwa lina nafasi kubwa ya kufa kuliko kuishi. Bibi alijua. Vidole vilivyomfichua mparachichi visingedanganywa na vimizizi vile. Angeweza kusema havitoshi, na mlango wake angebaki nao. Aliuliza swali moja tu, la nani amefanya. Tulipofika kijijini na kila mtu akitarajia ataishi kwa Chacha, mzaliwa wake wa kwanza, alisema, "Mimi nijengeeni kwa Ghati." Aliishi kwetu hadi kufa kwake, na neno la mtu wa kuja halikutajwa tena juu ya mama yangu.

Hivyo ndivyo ninavyoyakumbuka. Kama yupo mtu wa mlima ule anayesoma haya, na anajua kwamba mgambo wa pili hakuwa Magesa, au kwamba mvivu alikuwa Sirari, anirekebishe na nitashukuru, kichwa cha kikongwe kama mimi kinavuja. Ila kuhusu mizizi asinibishie. Aliyemimina maji ni mimi.