Kura yangu ya kufuta "kilimani"

Leo fundi cherehani kanifanya niifute kura yangu mwenyewe.

Mnajua najitolea kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni. Asubuhi kuna mtu kaanzisha makala ya "kilimani", lile neno vijana wa Ujiji wanaloandika wakiwa hewani: "Nipo kilimani, nichati."

Nikapiga kura: ifutwe. Neno la juzi tu, litapita.

Mchana nikaenda mtaa wa Mwanga kuchukua suruali. Fundi wangu ni mama wa Kirundi, simu yake kitochi kisicho na intaneti. Nikamuuliza binti yake yuko wapi.

"Yupo kilimani, anachati."

Nikashtuka. Mama, hata wewe?

Akacheka. "Sisi ndio wa kwanza! Kambini, enzi za ukimbizi, mtandao ulishika kilimani tu. Tulipanda kuwapigia ndugu Burundi, tujue nani bado mzima."

Jamani.

Kura nimeiondoa. Ila kanuni zetu zinadai chanzo kilichoandikwa, nikamuuliza kama kuna mahali waliliandika.

Akaacha kucheka. "Mwanangu, tulikuwa tunasikiliza kama simu itapokelewa. Nani angekumbuka kuandika?"

Haya, wahariri wenzangu. Kwenye chanzo niweke nini?