Vidole vya Munyiva na Njia ya Pili

Ukitaka kumwona Munyiva akiruka kama mtoto, usimpe zawadi, mpe ndege. Tunasuka nywele pamoja Adams Arcade, Nairobi, tangu tulipokuwa tunagawana kiti kimoja, na mteja akilalamika kwamba rasta zimeshikamana, mimi humwambia amngoje Munyiva. Vidole vyake hufumua fundo lolote bila kung'oa unywele. Mteja wake Prachi, mtafiti wa ndege anayeishi Kilimani, ndiye aliyemtia wazimu huu. Alimwomba siku moja amsaidie kutoa ndege wavuni, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi saluni huachiwa mimi. Nilinuna, sikatai.

Basi Jumamosi moja nilimfuata Lavington nikajionee. Bustani ni ya Jasmeet, mama mjane aliyekuwa amepanga ua wake wa vichaka vya lantana ung'olewe Jumatatu ili ajenge ukuta. Prachi alikuwa ametandaza wavu mwembamba mbele ya ua huo, akanieleza haraka haraka. Ndege anaowatafuta ni wadogo, wa kijivu, na dume ana kofia nyeusi. Huzaliwa Ulaya, huja kwetu kukimbia baridi, na wengi hurudi kwenye kichaka kilekile. Mwaka jana aliwavisha wachache mgongoni kifaa kidogo kama punje ya kunde, kinachohifadhi saa za jua kuchomoza na kuzama. Kwa saa hizo kompyuta hujua ndege alipita wapi. Lakini kifaa chenyewe hakitumi chochote. Lazima umshike ndege yuleyule tena.

"Mmoja nimempata wiki jana, alipitia Uarabuni," alisema. "Nikipata wa pili, nitajua kama wanaolala ua mmoja wanafuata njia moja. Lakini leo ndio mwisho. Ua ukienda, sitawapata tena."

"Si mama yao huwaonyesha njia?" niliuliza.

"Hakuna anayewaonyesha! Mtoto anasafiri peke yake, na njia amezaliwa nayo. Kama baba ni wa njia hii na mama wa ile, mtoto anaweza kushika ya katikati. Ndiyo maana njia zinabadilika, kizazi hadi kizazi."

Nilicheka. Mimi hata Kawangware, hapo jirani tu, huuliza njia.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma, ndipo wavu ukatikisika. Munyiva alitoka mbio, viatu akaviacha nyasini. Dume, kofia nyeusi, na kunde yake mgongoni! Lakini alikuwa amejizungusha hadi nyuzi zikambana bawa na shingo, na kamba ya kifaa ilikuwa imelika, imebaki kidogo tu. Kikianguka ndani ya lantana ile, basi tena. Prachi akasogea kumpisha Munyiva. Jasmeet akaja mbio na makasi ya jikoni.

"Auntie, weka makasi chini," Munyiva alisema. "Ukikosea ukate kamba yake, hiyo kitu inaanguka na hatuipati."

"Na akikufa?"

"Hafi. Waringa, nifunikie jua."

Nikatanua leso yangu juu yao. Akaanzia miguuni, akifumua uzi mmoja mmoja, akimnong'oneza kwa Kikamba. Mimi niliyekuja kucheka nikajikuta nahesabu nyuzi. Bawa likatoka. Shingo ikatoka. Prachi akakitoa kifaa, Munyiva akafungua kiganja, na ndege akaruka hadi juu ya mparachichi. Tulipiga vigelegele mpaka askari wa jirani akachungulia.

Verandani, Prachi aliunganisha kifaa na kompyuta. Mstari wa wiki jana ulikuwa tayari kwenye ramani: Ethiopia, Bahari ya Shamu, Uarabuni, hadi Urusi. Mstari mpya ukaanza kujichora. Ulitoka Nairobi, ukafika Turkana, na badala ya kugeukia mashariki ukanyooka Sudan, Misri, ukavuka bahari hadi Uturuki.

"Njia ingine!" Munyiva alipiga kelele, akirukaruka pekupeku. "Ni njia ingine kabisa! Waringa, umeona?"

Niliona. Nilikuwa nimemshika Prachi mkono na sikumbuki nilimshika lini.

Jasmeet aliinama karibu na ramani. "Sasa hapa nani alipotea?"

"Hakuna mtu amepotea, Auntie," Munyiva alisema. "Wote walifika kwako."

Jasmeet aliitazama tena ile mistari miwili. Kisha akachukua simu, akampigia fundi wake palepale.

"Kaindi, hiyo kazi ya Monday, wacha kwanza. Niko na wageni."