Nilikwenda Ifakara na Daftari Safi

Wanajumuiya wenzangu wa Mlimba, kila Jumamosi baada ya sala mmekuwa mkiniuliza kwa nini daftari letu la mahudhurio halina jalada wala majani ya mwanzo. Mimi, katibu wenu, nimekuwa nikijibu kwamba ni panya. Si panya. Ninaandika safari hii ili niache kuwasingizia.

Mnamjua kaka yangu Gervas, na mnajua jinsi mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulivyomvuta mkono wa kulia akiwa kazini. Ofisi ya mafao iliutathmini ulemavu wake, ikahesabu vidole viwili vilivyokatika, ikamlipa mara moja, ikafunga faili. Kifundo cha mkono, ambacho hakigeuki hata kufunga kifungo cha shati, hakikuandikwa popote. Kama kingeandikwa, huenda angestahili pensheni ya kila mwezi. Tukakata rufaa. Jibu likaja kwamba rufaa imeletwa nje ya muda, kwa sababu siku zilizowekwa huhesabiwa tangu siku ya kupokea uamuzi.

Msichokijua ni hiki. Barua ya uamuzi ilifika kwa mtendaji wa kata wiki ya kwanza baada ya Pasaka, sisi wote tukiwa ng'ambo ya mto tukilinda mpunga, jumuiya nzima tukisali kwenye madungu, vile vibanda vya miguu mirefu. Niliichukua mimi, tuliporudi baada ya mavuno. Mtendaji alinisogezea daftari la kukabidhi barua pamoja na nakala ya ofisi, akasema, "Saini hapo, weka tarehe." Nikatazama juu ya barua, nikaandika tarehe ileile iliyochapwa pale. Sikuwa na faida yoyote. Niliona aibu kwamba barua ya nyumba yetu imekaa ofisini muda wote ule bila mwenyewe, na nilipenda zile tarehe mbili zilivyolingana. Kisha nikatumia wiki mbili kuandika rufaa, nikiirudia mara tisa, mimi ambaye shule niliiacha kidato cha pili na uandishi wa barua nimejifundisha kwa kunakili za wengine.

Kwa siku ya kweli, tulikuwa ndani ya muda. Kwa mwandiko wangu, tulikuwa tumechelewa.

Gervas sikumwambia. Alikuwa akimlaumu mtendaji, ambaye alikwisha kuhamishwa, nami nikamwacha aendelee.

Jumanne asubuhi, stesheni ya Mlimba. Treni ilikuja kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyefika mapema mno, nikamlazimisha Gervas kukaa kwenye benchi tangu umande haujakauka. Katika begi nilikuwa na fomu ya daktari, barua ya kueleza kwamba uamuzi tuliupokea kwa kuchelewa, na kielelezo changu kikuu: daftari la mahudhurio, linaloonyesha kila Jumamosi tulisali wapi na nani alikuwapo.

Lakini halikuwa daftari lenyewe. Lile la kweli lilikwisha kunyeshewa dunguni, lina matope, lina alama za dole gumba na mafuta ya samaki. Niliona haya kulipeleka ofisini. Nilinunua jipya, nikalinakili lote kwa siku nne, kwa rula na kalamu moja ya bluu. Hata saini zenu nilizigeuza majina, nikawaandikia wote. La zamani nikaliweka jikoni karibu na mafiga, nikamwambia mama, "Hili washia moto."

"Umebeba nini humo, Katibu?" Gervas aliuliza treni ilipoanza kutembea.

"Vielelezo."

"Vizito kama debe la mchele."

Upande wa kushoto milima ya Udzungwa ilitufuata. Upande wa kulia mashamba yalikuwa yamevunwa, madungu yamebaki matupu. Tulipofika Chita nilifungua begi kuhakikisha barua ipo. Mngeta nikafungua tena.

"Ukilifungua mara ya tatu," Gervas akasema, "hizo karatasi zitaruka dirishani zirudi nyumbani zenyewe."

Nilicheka, nikalifunga begi. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie. Mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama ana kiu.

Ifakara tulishuka alasiri, tukachukua bajaji hadi Mlabani kwa shangazi Skola, dada wa marehemu baba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Siku hizi karatasi zinakula watu?"

Alitupakulia wali na kambale. Baada ya kula nilimwonyesha daftari. Alinawa mikono kwanza, akaligeuza mbele na nyuma kama anayechagua kitenge.

"Zuri," akasema. "Utadhani halijawahi kushikwa na mtu."

Nililipokea kama sifa.

Jumatano tulikuwa wa pili kwenye foleni ya ofisi ya mafao. Wa kwanza alikuwa mzee wa Sanje mwenye mkongojo, ambaye naye alichelewa kukata rufaa. Alituuliza sababu yetu.

"Tulikuwa shambani," nikajibu.

"Hiyo haina nguvu. Nyie wa Mlimba semeni mafuriko. Mimi nimeandika mlima uliporomoka."

"Uliporomoka kweli, mzee?" Gervas akauliza.

"Mlima uko pale pale. Kilichoporomoka ni kumbukumbu yangu, lakini hiyo hawana fomu yake."

Aliingia, akatoka haraka bila kututazama. Tukaitwa.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Tulimwamkia, akaitikia, akasoma barua yangu mpaka mwisho.

"Mnasema mlipokea uamuzi baada ya mavuno."

"Ndiyo, mama."

Akafungua faili, akageuza nakala ya ofisi upande wetu. "Na hii tarehe aliandika nani?"

"Mtendaji huyo," Gervas akasema. "Nilijua tu!" Akainama kuisoma. Saba zangu nazikata mstari katikati. Yeye ndiye aliyezipa jina tangu tukiwa wadogo: saba iliyovaa mkanda. Nilimwona akiitambua. Akarudi nyuma kwenye kiti.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka zilingane."

Yule mama hakucheka wala hakukasirika. Alieleza polepole kwamba kupitwa na muda si mwisho wa shauri. Mtu anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini aseme sababu ya kweli, ale kiapo, na alete ushahidi. Nikamkabidhi daftari langu safi. Aliligeuza jani kwa jani.

"Miezi yote hii, kalamu moja. Hakuna aliyekosea, hakuna tone la mvua. Hawa watu wote waliandika hivi?"

"Niliwaandikia."

"Mwanangu, mwandiko wako ndio unaowafungia mlango. Siwezi kuuchukua huohuo kuwafungulia. La mwanzo liko wapi?"

Nikalirudisha lile safi begini.

"Niletee lenyewe Ijumaa. Jumatatu faili linarudi makao makuu."

Nje, nilimpigia mama. Hakupatikana. Siku za katikati ya wiki simu yake hushinda dukani kwenye chaji.

"Liko wapi?" Gervas akauliza.

"Jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Pa kuwashia moto."

Alinitazama mpaka nikatazama chini. "Mashine ilinichukua mkono kufumba na kufumbua," akasema. "Haikupata nafasi ya kunionya. Wewe umekaa na mimi miezi, tumesafiri kutwa nzima ya jana, ukaniuliza kama nina kiu."

Siku ile hapakuwa na treni, tukapanda basi. Yeye alikaa mbele karibu na dereva, mimi nyuma kabisa. Vumbi liliingia, sikufunga dirisha. Nilikuwa nikipiga hesabu ya moto. Mama huwasha asubuhi kwa chai, mchana kwa ugali, jioni tena. Kila moto jani moja, kuni zikiwa mbichi majani mawili. Na mama huchana kuanzia mwanzo au kuanzia mwisho? Miaka yote nimeishi naye, na sikujua. Kila basi liliposimama nilipiga simu, nikaambiwa mteja hapatikani.

Mlimba tulifika jua likizama. Mama alikuwa jikoni na moto ulikuwa unawaka. Sikumwamkia.

"Mama, lile daftari?"

"La kuwashia? Nimewashia."

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

"Mbona unakaa kwenye majivu?" Akaingia ndani, akarudi na kitu alichokifunga katika kitenge chake cha Jumapili. "Nimewashia yale ya mbele, yenye dole gumba. Nikafika hapa nikaona Gervas ameandika jina. Mimi si msomaji, lakini jina la mwanangu nalijua. Ningelichomaje?"

Jani lililobaki juu lilikuwa la Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, barua ikiwa bado haijafika. Mnaikumbuka. Tulisali dunguni kwa Gervas, na kwa mara ya kwanza tangu aumie aliukataa wino wa dole gumba, akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo, na juu ya S kuna tone la mvua. Mlimpigia makofi. Kutoka jani lile mpaka Jumamosi tuliyosali tena mjini Mlimba, yote yalikuwapo.

Gervas alilishika karibu na moto, akalitazama kwa muda.

"Kwenye lile safi umeniandikaje?"

"Vizuri," nikasema.

"Ehe," akasema.

Alhamisi tulirudi Ifakara. Safari hii alinipisha dirishani, akakaa kando yangu, daftari akaliweka mapajani mwake na hakunipa.

Ijumaa asubuhi afisa alivaa miwani. Alisoma madole gumba yenu, saini zenu, muhuri wa katekista kila mwisho wa mwezi. Alifuata jina la Gervas kwa ncha ya kidole, wiki hadi wiki, likisimama kidogo kidogo. Akaweka nakala ya ofisi pembeni yake.

"Hii tarehe yako iko peke yake," akaniambia. "Hizi zina watu."

Akatoa nakala, akagonga mihuri, akaturudishia daftari. Kisha akanipa karatasi moja niandike maelezo ya kuchelewa. Nikamwomba niende nayo Mlabani nikaandike rasimu.

"Andika hapa," akasema.

Niliandika. Nilikata neno mara mbili, mara ya pili kalamu ikatoboa karatasi. Niliandika kwamba tarehe ile ni yangu, kwamba si kweli, na kwamba kaka yangu hakujua. Nilipoomba karatasi nyingine akanyoosha mkono, akaichukua hiyohiyo. Ndiyo tuliyoipeleka kwa wakili kula kiapo.

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye. Muda umeongezwa, rufaa itasikilizwa, na Gervas atapimwa upya, safari hii pamoja na kifundo. Pensheni bado haijaamuliwa. Nawaambia kama ilivyo.

Tulipokwenda kuichukua barua hiyo, mtendaji mpya alinisogezea mimi daftari la kukabidhi barua, kwa kuwa mimi ni katibu. Gervas akalivuta upande wake. Akaandika jina, kisha tarehe ya siku ileile, ambayo ilikuwa siku kumi na moja baada ya ile iliyochapwa juu ya barua. Alikosea tarakimu, akaikata, akaandika nyingine juu yake, ikavuka mstari ikaingia kwa jirani.

"Katibu, mbona umekalia mikono?"

"Inauma," nikasema.

"Iache iume."

Basi hayo ndiyo ya daftari. Nililojifunza ni dogo, na bado linanisumbua nikishika kalamu: kitu kikishapita kwangu peke yangu kikawa safi, nijiulize nimemfuta nani. Majani yaliyobaki nimeyashona kwa uzi wa gunia. Jumamosi njooni msaini wenyewe, na wa dole gumba waweke dole gumba. Lile safi nimempa mama. Anasema linawaka vizuri.