Pembe ya Jumbe Imerudi Kwangu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana huku kwetu upande wa Masaki ya shamba gazeti moja husomwa na kijiji kizima.

Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mkulima wa mihogo, nina mke na wajukuu. Zamani nilikuwa mpiga pembe wa Jumbe. Nikipuliza, kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja kwenda kulima barabara ya Maneromango. Mwenye udhuru alinituma mimi kwa Jumbe. Nilijiona mkubwa, wallahi.

Asubuhi moja jirani yangu, nitamwita Mzee Kondo, alinishika mkono. "Mwanangu, kifua kinanibana. Niombee kwa Jumbe. Nyumbani sina mwanamume mwingine, Salumu bado mtoto." Nikamwambia aondoe shaka. Nilipofika kwa Jumbe nikakuta wali wa wageni. Nikala, nikacheka, nikasahau. Kesho yake Mzee Kondo, alipoona jibu haliji, akabeba jembe lake. Alianguka barabarani kabla ya adhuhuri, hakuinuka tena.

Matangani mkewe aliniuliza, "Kwani hukumwombea?" Nikajibu, "Nilimwombea, Jumbe akakataa." Watu wakamchukia Jumbe mpaka akaingia kaburini, naye hakujua kosa lake. Mimi nikairudisha pembe, nikasingizia meno. Tangu hapo nikisikia mtu anakohoa njiani, nageuza njia.

Sasa Salumu, yule mtoto, ndiye Jumbe wetu mpya. Juzi alikuja kwangu mwenyewe, pembe ile ile mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka urudi kazini. Mama kabla hajafa aliniambia wewe peke yako ndiye uliyemsemea baba. Watu wanaogopa kuja kwangu. Nataka mtu wa kunifikishia udhuru wao."

Nikaipokea. Ningesema nini, na machozi yanamlengalenga? Mke wangu ameipaka mafuta kwa furaha, ameitundika juu ya kitanda. Silali. Natakiwa nipulize Ijumaa, baada ya sala.

Tayari wagonjwa wawili wamekuja kunituma. Majina yao nayarudia kama uradi, nisije nikayasahau. Ndugu wasomaji, nishaurini, nifanye nini? Niipulize pembe hii, au kwanza nimwambie Salumu kuwa baba yake hakuombewa na mtu?