Kikopo cha Mama Mkwe

Emilian wa Kigwa amefanya kazi nyingi kwa umri wake, na zote alizifanya huku akisubiri kazi. Alianza kwa kuuza matobolwa kwenye madirisha ya treni, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo abiria wa kutoka pwani huvitafuna kwa mashaka na abiria wa kurudi Kigoma huvitafuna bila kuuliza. Treni ilipoanza kupita kwa ratiba inayoijua yenyewe, akahamia kwenye asali. Nyuki nao wakahama. Sasa ni dereva wa bodaboda, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Moravian, na mchumba wa Veneranda binti wa Mama Advera. Kati ya vyeo hivyo vyote, cha mwisho ndicho pekee alichoogopa kukipoteza.

Harusi ilipangwa iwe baada ya mavuno. Posa ilikuwa imekubaliwa, ng'ombe wa mahari walikuwa wameonwa na kusifiwa kwa masikitiko, kama ilivyo ada. Kilichobaki ni Emilian asiharibu. Na katika nyumba ya Kinyamwezi inayojiheshimu, mkwe haharibu kwa kutenda mabaya tu. Anaweza kuharibu kwa kuonekana. Hali chakula mbele ya mama mkwe. Hakalii mkeka aliokalia yeye. Akikutana naye njiani hujitosa vichakani, miiba ikamchome huko. Akimsalimu huchuchumaa kwa mbali na kuikagua ardhi kana kwamba ameangusha shilingi. Siku hizi wapo wakwe wanaokaa sebuleni na mama zao wakwe wakitazama tamthilia pamoja, lakini Mama Advera, mjane aliyelea watoto wake kwa mpunga na ukali, alikuwa hajafikiwa na maendeleo hayo. Mchumba wa kwanza wa binti yake mkubwa alipiga mwayo mbele yake. Binti huyo ameolewa Igunga, na mtu mwingine.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa utafiti ulipofika Kigwa.

Uliongozwa na Daktari Mwanamkuu, mzaliwa wa Tabora mjini, kutoka ukoo wa mafundi kanzu. Alitaka kujua kwa nini watoto wa mjini wanapiga chafya kwa vumbi, karanga, maziwa na paka, ilhali wa vijijini wanakula vumbi lenyewe na hawapigi chafya. Ilidhaniwa kwamba siri iko tumboni, kwa vijidudu vinavyoishi huko na kuifundisha kinga ya mwili ipigane na nani na imwache nani. Basi walikuwa wakikusanya damu na choo cha maelfu ya watu kando ya reli, Dodoma hadi Kigoma, ili kompyuta ivilinganishe. Damu ingesema mtu amerithi nini kwa wazee wake, na choo kingesema anaishi na nani.

"Ndani ya utumbo wa kila mmoja wenu," Daktari aliuambia mkutano wa kijiji, "kuna vijidudu vingi kuliko watu wote wa dunia hii."

"Vimepewa kibali na nani?" akauliza mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kulwa, aliyekuwa ametoka kwenye mgogoro wa ardhi.

Damu ilichukuliwa zahanati, na nesi. Choo kila mtu angekitoa mwenyewe nyumbani kwake, kwa faragha, akitie kwenye kikopo chenye kijiko kilichoshikizwa kwenye kifuniko, kisha mtu wa pikipiki apite asubuhi na boksi la barafu kukusanya. Mtu wa pikipiki kwa upande wa Kigwa alikuwa Emilian. Nyumba za kushiriki zilichaguliwa na kompyuta, kwa kura, bila upendeleo wala huruma. Ikachagua nyumba ya Mama Advera.

Emilian alijaribu kubadilishana na Gerson, mkusanyaji wa Tura.

"Ndugu yangu," Gerson alimjibu kwenye simu, "huku nina mama mkwe wangu mwenyewe, na kompyuta imemruka. Siwezi kuichokoza bahati."

Ikabidi kikopo kipelekwe na Veneranda. Jioni akapiga simu kutoa taarifa.

"Mama amekiangalia."

"Amesemaje?"

"Ameuliza atakayekibeba ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akauliza utakibeba mbele au nyuma."

"Nyuma. Boksi liko nyuma."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema afadhali."

Asubuhi Emilian alikuta kikopo kimewekwa ndani ya kikapu, kikapu kimefunikwa kitambaa cha kufumwa, kile kinachofunika redio siku za kawaida. Akachuchumaa karibu na ghala, uso chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha Mama Advera akageukia upande wa binti yake, kwa maana mkwe hasemeshwi zaidi ya hapo. "Mwambie kimefungwa vizuri."

"Mwambie mama nimeshukuru sana," Emilian akamwambia Veneranda, akipokea kikapu kwa mikono miwili kama alivyofunzwa kupokea chochote kitokacho ukweni. "Mungu amzidishie."

Alipoisikia dua hiyo ikitoka kinywani mwake aligundua kasoro yake, lakini shukrani ikishatoka haifuatwi.

Kabla hajafika relini, pua yake ilikuwa imemaliza uchunguzi. Emilian alichunga ndama wa mjomba wake utoto wake wote, na mtu aliyechunga ndama hahitaji maabara. Kile hakikuwa cha Mama Advera. Hakikuwa cha mtu. Alisimamisha pikipiki, akafikiri, na akili yake ikampeleka mahali pamoja tu: mkwe hana pua. Ukishasema unajua ambacho si cha mama mkwe wako, umekiri kwamba unakifikiria kilicho chake. Akakikabidhi mjini pamoja na vingine, akaenda kunywa soda.

Yaliyofuata yalitokea Dar es Salaam, na Emilian alikuja kuyasikia baadaye. Vikopo vyote viliishia kuwa data, na data zote zikaishia kwa Nurdini, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa hajawahi kukiona kikopo kimoja kwa macho. Yeye alikutana na wanadamu wakiwa nukta kwenye skrini. Watu wa Kigoma walijikusanya pamoja kama wingu, watu wa Tabora mjini wakafanya wingu lao, na wanaokunywa maziwa ya mgando wakakaa baina yao kama wapatanishi. Nukta moja tu ilikuwa peke yake kwenye kona ya juu, kama abiria aliyeachwa na treni. Nukta ya Kigwa.

Nurdini aliipenda. Vijidudu vya mtu yule vilikuwa vile vinavyomeng'enya nyasi. Damu yake, kinyume chake, ilikuwa damu ya mtu kabisa, yenye vinasaba vya kawaida vya Unyamwezi na kinga imara ambayo wenye umri wake huisoma tu vitabuni. Nurdini akaunganisha mambo hayo mawili kwa mshale, na mshale ukishachorwa kwenye mada ya kisayansi huwa mgumu kufutika.

"Hebu niambie," Daktari Mwanamkuu alimuuliza, "kinyesi cha ng'ombe kikipotea njia kikafika hapa, kwenye skrini kingeonekanaje?"

"Kama hivi hasa," Nurdini akajibu. "Lakini hiki kina namba ya mtu."

Daktari akampigia Emilian. "Kesho tunakuja Kigwa kumwona Mama Advera. Kikopo chake kina vijidudu vya kumeng'enya nyasi."

"Amesafiri, Daktari."

"Amekwenda wapi?"

"Hajasema."

"Basi tutamngojea kwake."

Usingizi ulimkataa Emilian. Akisema ukweli, atakuwa amemwita mama mkwe mwongo mbele ya wageni, tena mwongo wa jambo ambalo hata jina lake hatakiwi kulitaja. Akinyamaza, watamchukua mama wa watu, wamtie mipira tumboni kutafuta nyasi. Njia zote mbili zilimfikisha mahali pamoja: Veneranda ameolewa Igunga, jirani na dada yake.

Wageni walikaribishwa viti vya plastiki uani. Mama Advera, ambaye hakuwa amesafiri popote, alikaa mkekani. Emilian alijificha nyuma ya gari, akachuchumaa akiwapa kisogo, lakini masikio hayana kisogo.

"Mama, kwa kawaida unakula nini?" Nurdini akaanza, laptopu magotini.

"Chakula."

"Cha namna gani?"

"Ugali. Mlenda. Wali, kama wageni wametoa taarifa mapema."

"Na majani?"

"Mlenda ni nini?"

"Mabichi, mama. Tuseme nyasi." Akasogeza kiti karibu. "Usione haya, ni sayansi tu. Na ukishakula, chakula huwa kinarudi mdomoni, ukakitafuna upya?"

Daktari Mwanamkuu alikohoa. Emilian akaanza kuomba, bila kuchagua maneno. Mama Advera akamtazama Nurdini kuanzia viatu, akapanda polepole hadi miwani.

"Wewe kijana ni mtu wa wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Dar es Salaam ni stendi. Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Mungu si Athumani," Emilian akaliambia gurudumu.

Kwa asiyejua: zamani, Wanyamwezi waliokuwa wakibeba pembe na mizigo kwenda pwani walimalizia safari yao katika nchi ya Wazaramo, wakiwa wamechoka na wana njaa. Walipigana nao, wakanywa maji yao, wakazikana, na ugomvi ulipoisha ukabaki utani. Ndugu huonewa haya, mtani haonewi. Mtani anaweza kukutukana msibani, akakuchimbia kaburi, akaondoka na kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Kwa miaka yote hiyo Mama Advera alikuwa amebanwa na wakwe. Sasa ameletewa Mzaramo mpaka mlangoni.

Uso wake ulifunguka kama duka.

"Nilikuwa nashangaa mtu mzima na miwani yake anakuja kuniuliza kama ninacheua. Kumbe Mzaramo. Sasa sikiliza. Kile ulichokuwa unakisoma kwenye mashine yako muda wote huu ni cha ndama wangu. Yule pale, mwenye baka jeupe. Msalimie, mnajuana."

Ndama alikuwa anakula ukingo wa mkeka. Daktari Mwanamkuu akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nurdini alimtazama ndama kwa muda, kama mtu anayemwona mchumba wake kwa mara ya kwanza baada ya barua nyingi.

"Nimesoma mada juu yake kwenye mkutano wa Nairobi," alisema hatimaye. "Walimpigia makofi."

"Basi ametembea kuliko mama yake."

Emilian alitega sikio. Mtu wa takwimu akijibu kisomi, ugomvi. Akijibu kitani, salama. Nurdini alifunga laptopu.

"Mtani, nilijua ninyi mlibeba mizigo ya kila aina. Sikujua mtafika mahali mnibebeshe na mimi mavi ya ndama."

"Sisi tulibeba pembe mpaka kwenu, tukawakuta mnacheza ngoma. Tulipoondoka mlikuwa bado hamjaoga."

"Lakini kwa nini hukutoa cha kwako?"

"Aliyetumwa kukichukua ni nani?" Kila mtu akageukia kisogo cha Emilian, kilichoonekana kando ya gurudumu, ambacho kiliona haya kwa niaba ya uso. "Nimpe mkwe wangu akibebe? Halafu aje ale wali wa harusi hapa, akiwa ananijua kiasi hicho? Mashine yenu imesoma nini kama haijui mkwe ni nani?"

"Hatukuiuliza," Daktari akasema. Alikuwa mtoto wa Tabora, na neno hilo lilimuuma mahali pake. "Tuliipa umri, maji ya kunywa, mifugo, hata aina ya paa. Nani mkwe wa nani hatukuiuliza."

"Bado ninakihitaji cha kwako, mtani," Nurdini akasema. "Kwa kinga uliyonayo, siondoki Kigwa mikono mitupu."

"Utakibeba mwenyewe?"

Nurdini, aliyewajua wanadamu kwa nukta tu, alivua miwani akaifuta. Lakini mtani anayeweza kukuchimbia kaburi hawezi kukikataa kikopo. Akasema atakibeba.

Gari likaondoka na Daktari, na Nurdini akalala kwa Mzee Kulwa. Asubuhi Mama Advera alimkabidhi kikopo waziwazi, bila kikapu wala kitambaa cha redio, kwa maana heshima haipotezwi kwa Mzaramo. "Shika vizuri. Hiki sasa ni cha mtu." Nurdini, kwa haki yake, akamkamata kuku mmoja akamtia kwapani, wakatukanana vizuri juu ya kuku huyo.

Likabaki suala la usafiri, kwa kuwa pikipiki ilikuwa ile ile moja, ya Emilian. Mama Advera alilifikiria akiwa amesimama, wote wakisubiri hukumu.

"Mkwe atambeba Mzaramo," akasema. "Mzaramo anabeba nini ni mambo ya Mzaramo."

Emilian, aliyekwisha kupanda pikipiki akiwa ameikazia macho barabara, alipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja bila kugeuka. Nurdini akapanda nyuma, kuku huku, kikopo kule ndani ya boksi la barafu.

"Wewe mtani," Mama Advera akamwambia, "mwambie huyo anayekuendesha kwamba mpunga tunauvuna wiki ijayo. Asije akasema hakuambiwa siku ya harusi."

Emilian alikuwa umbali wa mkono mmoja. "Mwambie mama nimesikia," akasema, macho mbele.

"Anasema amesikia," Nurdini akafikisha.

"Mwambie nimesikia kwamba amesikia. Sasa ondokeni, kisije kikapoa."

"Kinatakiwa kipoe, mtani. Ndiyo maana kuna barafu."

"Mzaramo ananifundisha changu," Mama Advera akasema, akaingia ndani, na Veneranda akaonekana dirishani akicheka, kanga yote mdomoni, wakati Emilian akitia gia na kuondoka taratibu kuliko alivyowahi kumwendesha abiria yeyote.