Baraza Nyuma ya Ukuta

Mzee Himyar alitengeneza baiskeli pale Ngamiani tangu ujana wake, mpaka magoti yakakataa kuchuchumaa. Shule hakuiona hata mlango wake. Maneno aliyaacha kwa mkewe, Turkiya, aliyekuwa nayo ya kuwatosha wote wawili.

Turkiya alipofariki, binti yao Azza alishuka kutoka Muheza na fundi.

"Baba, uko peke yako sasa. Na mtaa huu umeingia wezi."

Nyumba ikazungushiwa ukuta uliompita mtu kimo, juu yake vikapandwa vipande vya chupa. Baraza ya saruji nyekundu, walikokuwa wakikaa watu kila alasiri wakinywa kahawa ya Turkiya, ikabaki ndani kama kuku tunduni. Jirani yake Praxeda, aliyekuwa akikaangia bagia pembeni mwa baraza hiyo, akahamisha karai lake kwenye kona, juani. Mzee hakupinga. Siku zile hakuwa na hamu ya kuulizwa hali. Geti alilitia kufuli, na juu ya kufuli akazungusha mnyororo wa baiskeli.

Mwizi akaja Ijumaa, mchana kweupe, mzee yuko msikitini. Aliingilia kichochoroni, akatandika gunia juu ya chupa, akavuka. Alipokwisha kutua ndani, nani wa kumwona? Akavunja mlango wa jikoni kwa nyundo, taratibu, kama aliyeitiwa kazi. Akatia redio, pasi na saa ya ukutani katika gunia jingine. Kabla ya kuondoka akaketi, akala wali wa nazi uliobaki, sahani akaiacha kwenye beseni.

"Hamkusikia kitu?" mzee aliwauliza majirani aliporudi.

"Tulisikia nyundo," akasema Praxeda. "Tukasema mzee leo kapata nguvu, anatengeneza kitu. Mimi hata nikafurahi."

"Usichungulie?"

"Nichungulie wapi, mzee wangu? Ungeniachia ngazi."

Azza alipopata habari alipiga simu. "Jumapili nakuja na gari, Baba. Utakaa kwangu. Nyumba tutaipangisha."

Muheza si kubaya. Kuna wajukuu, na machungwa ya kutupa. Lakini kando ya mlango wa jikoni palikuwa na mwasumini alioupanda Turkiya kwa mkono wake. Kila asubuhi, maji yanayobaki kwenye birika la kutawadhia, mzee huumwagia ule mti. Mpangaji gani atakumbuka hilo?

Jioni ile alikaa barazani, uso kwa uso na ukuta. Akautazama sana. Ukuta ulimfungia yeye, mwizi ukamsitiri.

Asubuhi akamwita Zabron, fundi yule yule aliyeujenga.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia yaliyokukuta. Tuongeze kozi ngapi za matofali?"

"Marahaba. Punguza."

"Nipunguze?"

Mzee akaweka kiganja kiunoni. "Mpaka hapa."

"Kwa mikono hii hii niliyojengea?"

"Hiyo hiyo. Njia inaijua."

Zabron akacheka, akashika nyundo. Nondo za madirisha mzee hakutaka ziguswe, na mlango wa jikoni akautilia komeo nene la chuma. Hakuwa mjinga. Kisha akatembea mpaka kwenye kona.

"Praxeda."

"Abee, mzee."

"Jua halikuchomi?"

"Nimeshakuwa mkaa."

"Baraza ipo."

Praxeda akamtazama. Mzee alikuwa amemaliza kusema.

"Na kahawa?"

"Turkiya hayupo."

"Najua hayupo. Dele lake la kahawa lipo?"

Dele lilikuwapo. Mwizi aliliona limejaa masizi, akalidharau.

"Basi utapika wewe," akasema Praxeda, tayari anakusanya kuni zake. "Ikiwa mbaya tutainywa hivyo hivyo, tukikusengenya."

Jumapili Azza aliteremka kwenye kona, akashikwa na wazee waliotaka kujua habari za watoto. Akamtanguliza dereva wake, Fanueli, achukue begi la mzee. Fanueli alikuwa mgeni mtaani. Hakufika hata getini, akaitwa kutoka barazani.

"Wewe kijana, wapi?"

"Kwa Mzee Himyar."

"Kufanya nini?"

"Nachukua begi."

Praxeda akasimama na upawa mkononi. Mafuta yanachuruzika. "Begi la nani? Kakutuma nani? Wewe mtoto wa nani?"

Mzee yuko nyuma, anamwagilia mwasumini. Alisikia yote. Akaendelea kumwagilia.

Azza alipofika alimkuta dereva wake amekalishwa barazani katikati ya watu, kikombe cha kahawa mkononi, jasho linamtoka.

"Huyu wako?" aliuliza Praxeda.

"Wangu, mama."

"Haya mchukue. Maswali yetu yalikuwa yamefika kwa babu yake, Bumbuli."

Azza akautazama ukuta uliomfika kiunoni. Akawatazama watu. Baba yake akatokea na birika tupu. Azza akaushika mkono wake, akaubusu.

"Baba, na wezi je?"

"Muulize Fanueli."

Azza alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. Akapewa nafasi, akaketi pale alipokuwa akikaa mama yake, akamiminiwa kikombe. Akaonja, akakunja uso.

"Kahawa gani hii, Baba?"

"Ndiyo hiyo."

"Tumeshamwambia," akasema Praxeda.

Azza akanywa, akamaliza, akanyoosha kikombe aongezwe. Habari ya begi hakuiuliza tena. Lilikuwa juu ya kabati, wala halikuwa limeshushwa.